Mwanangu, Tuusome Upya Mnada wa Bunda

Kitaji, Musoma
Jumapili, alasiri

Mwanangu Nyangeta,

Umekwenda Butiama kumuaga bibi yako, na mama yako yuko jikoni na shughuli zake, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukuandikia bila mtu kuchungulia begani kwangu. Kesho asubuhi basi lako la Arusha linaondoka, na wewe utakuwemo ukitaka. Nimeandika "ukitaka" kwa sababu mama yako ameniambia ulichomwambia jana mlipokuwa mnachambua dagaa: kwamba utaomba chuo kikusubiri mwaka mmoja, maana baba amevunjika moyo na huwezi kumwacha katika hali hii.

"Hali gani?" nilimuuliza.

"Hali ya saa," akasema. "Mtoto ameona ulivyonyamaza tangu siku ya mnada. Hata mimi nimeona. Mtu aliyekuwa anaeleza hata namna ya kufungua mlango, leo wiki nzima hajamweleza mtu kitu."

Nilitaka kumweleza, nikaona bora nianze na wewe.

Habari za kula vizuri, kufunga begi na kutolala na simu mkononi nitaziruka. Mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya nne ameandika kwenye karatasi. Mimi nina jambo moja tu. Wewe umeusoma ule mnada vibaya, na ulivyousoma ndivyo unavyotaka kuamua maisha yako. Nimefundisha fizikia miaka mingi, nimesahihisha matokeo ya watoto wa watu mpaka macho yakachoka, siwezi kuliacha hili lipite. Kaa chini basi tuusome upya, mimi na wewe, kama tulivyokuwa tunasoma mashine ya saa pale mezani, wewe umeshika kibano na mimi nimeshika taa.

Tuanze na yale ambayo hakuna anayebisha. Tulipeleka Bunda saa za zamani kumi na nne, zote za kujaza springi kwa mkono, nilizozikusanya kidogo kidogo kwa muda mrefu kuliko umri wako. Nyingi zilikuwa za wastaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, ambao walipewa saa siku ya kuagwa na baadaye wakaja kuniuzia walipohitaji bati au jembe. Tuliuza mbili. Kumi na mbili zilirudi nyumbani. Fedha ya zile mbili ilitosha awamu ya kwanza ya ada yako, ya pili ikabaki hewani. Hayo ndiyo matokeo. Ulipoyatazama ukasema: saa za baba hazina thamani, mimi ndiye niliyemshawishi afanye mnada, nimemwaibisha mbele ya watu.

Kila kipande cha sentensi hiyo kina kosa. Lakini sikulaumu, kwa sababu siku ile ulikuwa umekaa kwenye meza ya nyuma umeinamisha kichwa ukiandika madau. Hukuziona nyuso. Mimi nilikaa pembeni, nikaziona zote.

Kosa la kwanza lilikuwa la kumchukua Mzee Majura awe dalali. Hilo tulilifanya wote wawili, tena kwa furaha. Majura ndiye anayeendesha mnada wa kanisani Kigera tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna mtu Musoma nzima anayeweza kuuza papai moja kwa bei ya mbuzi kama yeye. Tukasema huyu ndiye. Hatukujiuliza papai lile linauzwaje. Kanisani mtu hanunui papai. Anatoa shukrani, na papai lipo pale ili mkono wake usiende mtupu. Ndiyo maana akishalipa anasema "nimelirudisha", na papai linauzwa tena, na tena, mpaka linaanza kulainika, na mchungaji anatabasamu.

Sasa mkumbuke Majura pale ukumbini Bunda, na shati lake la kitenge, ameinua saa ya kwanza juu kabisa ambako hakuna anayeweza kuiona.

"Elfu arobaini! Nani anaongeza kwa kumshukuru Mungu? Elfu arobaini, wapendwa! Mwaka huu hukuugua? Mwaka huu ng'ombe wako hawakuibiwa? Ongeza!"

Mstari wa mbele walikaa wale wanaume wanne kutoka Mwanza, wanaokusanya saa, uliowapata kwenye kundi la simu. Mmoja wao, huyu Bwana Shija mwenye kioo cha kukuzia jichoni, alimwinamia mwenzake akamuuliza, "Kaka, hii ni saa au ni sadaka?"

Ndipo Mama Sabina wa kwaya akasimama. Unamjua moyo wake. Alitoka Kigera mpaka Bunda kwa ajili yako tu. Akasema elfu hamsini. Hakuna aliyemfuata. Akasema sitini. Bado hakuna aliyemfuata. Akajipandishia mwenyewe mpaka Majura akapiga meza, na watu wetu wakapiga vigelegele. Wewe uliandika bei, ukafurahi, nami nilikusikia ukicheka. Halafu Mama Sabina akainua ile saa na kusema kwa sauti ya kwenye kwaya, "Nimeirudisha! Iuzwe tena!"

Hapa ndipo nataka usimame, mwanangu. Kwa watu wa Kigera hilo lilikuwa tendo zuri kuliko yote ya siku ile. Mimi niliwatazama wale wa Mwanza. Wote wanne walinyanyua vichwa kwa pamoja kama swala waliosikia kitu.

"Amenunua, ameshika, amerudisha," mmoja akasema. "Ameona nini humo ndani?"

"Labda haitembei," akasema mwingine.

"Sasa kama ya kwanza imerudishwa palepale, hizo nyingine je?"

Majura, Mungu ambariki, akaimalizia kazi. Akatangaza, "Saa imerudi, wapendwa, imerudi kwa upendo! Nani anaichukua?" Hakuna aliyeichukua. Mama Sabina alirudi nayo Kigera, na nasikia leo asubuhi alikwenda nayo kanisani, akaitazama mara nyingi mahubiri yalipokuwa marefu.

Ukimya uliofuata, ule uliokufanya ushike kalamu kwa nguvu, ulianzia hapo. Haukuwa ukimya wa watu wanaodharau. Ni ukimya wa watu walioogopa. Na kuna kundi la tatu ambalo hukuliangalia kabisa: wale wafuga ng'ombe na wakulima wa pamba waliosimama nyuma karibu na mlango. Wao mnada wanaoujua ni wa ng'ombe. Pale hakuna anayetaja bei kwa sauti. Unamzunguka mnyama, unamshika nundu, unaondoka kama vile umemchukia, halafu unarudi watu wakipungua, unamvuta mwenyewe pembeni. Walikuwa wanangoja tumalize ndipo waanze. Mmoja alinifuata tunafunga masanduku, akaniuliza polepole, "Mzee, ile yenye mkanda wa ngozi, tukiongea wewe na mimi unasemaje?" Nilikuwa na haraka ya kuondoka, nikamwambia mnada umekwisha. Akanitazama kwa huruma. "Umekwisha vipi na hatujaanza?"

Tulikuwa na minada mitatu ndani ya ukumbi mmoja, Nyangeta. Yalichotuonyesha matokeo ni namna watu walivyoelewana, na hawakuelewana. Bei ya saa ni kitu kingine. Mtu akisoma la kwanza akadhani ni la pili, ndipo anapokata tamaa bure.

Nalisema hili kama mtu aliyewahi kulifanya. Nilipokuwa kijana, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, shule yetu ilikuwa huko Bunda, nikawapa wanafunzi jaribio la pendulamu: jiwe, uzi, na saa moja ya kupimia muda ambayo tulipokezana darasa zima. Jibu nililijua kutoka kitabuni. Wote walileta jibu lilelile la kitabu isipokuwa binti mmoja, Nyabweke, wa kutoka Murangi. Lake lilipungua, tena kwa kiasi kilekile kila alipopima. Nikampa sifuri, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba uvivu unaonekana hata kwenye namba. Muhula ulipokwisha nikaifungua ile saa kuisafisha, nikakuta inachelewa, na inachelewa kwa kiasi alichokiandika Nyabweke. Yeye peke yake ndiye aliyepima. Wengine wote walikuwa wamepika namba ili zifanane na kitabu, nami nikawapa alama kwa upishi.

Nilichukua miaka mingi kwenda kumwomba radhi, kwa sababu nilikuwa na shahada na shahada ina aibu yake. Nilimkuta Murangi ufukweni, anauza samaki, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa na mashua zake mwenyewe. Nikamweleza yote, saa, uzi, sifuri. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akawageukia wanawake wenzake.

"Mnamwona huyu? Huyu ndiye alinipaga sifuri. Amekuja kunirudishia alama zangu."

Wakacheka wote. Mmoja akauliza, "Kaja na riba?"

Nyabweke akaniambia, "Ticha, mimi nilikuwaga nalia kidogo siku ile. Lakini tangu hapo sijawahi kukubali mzani wa mtu bila kuujaribu kwanza. Wewe umenitajirisha. Chukua sangara huyu." Nilibeba sangara mkubwa kwenye baiskeli yangu, mkia unagusa gurudumu, nami nikijiuliza kama nimekwenda kuomba radhi au kupokea zawadi.

Sikuwahi kukusimulia hilo. Nadhani nilitaka unijue kama mwalimu aliyekuwa sahihi.

Sasa twende kwenye kosa la pili, hili ni langu peke yangu. Wiki mbili kabla ya mnada ulikaa na daftari ukaandika makadirio ya kila saa. Ulikuwa umeuliza watu, umetazama picha, umelinganisha. Ukaniletea kwa adabu sana, ukasema, "Baba, usikasirike. Zile ulizozipaka rangi upya usoni nimeziweka chini. Na ile mbovu nimeiweka juu."

Nilikasirika. Sikukuonyesha, ila nilikasirika siku mbili.

Unielewe. Kwa miaka yote hii mtu akiniletea saa iliyochakaa, uso umekuwa wa njano kama chai, namba zimefifia, mimi nilikuwa naifungua, nautoa uso wake, naufuta, naupaka rangi nyeupe, halafu kwa brashi ya nywele chache nazichora namba zote upya, moja hadi kumi na mbili, bila mkono kutetemeka. Napiga msasa mgongo wa saa mpaka mikwaruzo yote inaondoka. Wenyewe walikuwa wanakuja kuzichukua wanashika mdomo. Mzee mmoja wa kiwandani alibusu saa yake hapa barazani. Hiyo ndiyo kazi niliyojivunia kuliko hata kufundisha, na binti yangu wa miaka ishirini ananiambia kwamba nilikuwa naiondolea saa thamani yake.

Ile mbovu uliyoiweka juu, nilicheka wazi. Niliinunua kwa mjane mmoja wa Murangi ili niikate spea. Haikuwa inatembea. Uso wake umechubuka, mgongoni marehemu alikuwa amekwaruza kwa msumari mistari midogo midogo, labda anahesabu misimu, labda magunia, nani ajuaye. Sikuigusa kwa sababu haikustahili kuguswa. Uliitia kwenye orodha ukasema, "Ngoja tu, baba."

Unakumbuka nini kilitokea. Baada ya zile nyingine kupita kimya, Majura akaiinua hiyo kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. "Hii, wapendwa, hata sijui niseme nini." Wale wanne wa Mwanza wakasimama wote. Mara ya kwanza siku ile walipandishiana dau wao kwa wao, kwa vidole tu, bila kelele, haraka mpaka Majura akasahau kumtaja Mungu. Bei ya hiyo saa moja ndiyo imekufikisha kwenye awamu ya kwanza. Mama yako alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mume wangu," akasema, "kama ungekuwa mvivu tungekuwa matajiri."

Nimelifikiria hilo wiki nzima, na linanichekesha bado, ingawa linauma kidogo. Wakusanyaji wale wanataka saa iliyoishi. Rangi ya chai usoni ni jua la Bunda, mikwaruzo ni mkono wa mtu. Mimi nilikuwa nafuta hayo yote kwa upendo na kuweka mkono wangu. Halafu nikaanza kujiuliza nimepiga msasa wapi pengine. Ile barua yako ya kuomba chuo uliniletea niisome tu. Nikaiandika upya yote. Ulikuwa umeandika kwamba unataka kujifunza kutengeneza mashine za hospitali kwa sababu siku ulipolazwa na malaria mashine ya kitandani kwa jirani yako ililia usiku kucha na hakuna aliyejua kuinyamazisha. Mimi nikaweka badala yake aya kuhusu umuhimu wa teknolojia katika maendeleo ya taifa. Chuo kilikukubali, lakini leo nadhani kilikukubali kwa alama zako na kwa kuivumilia barua yangu. Nisamehe kwa hilo. Huko uendako, mtu akikuletea kazi yake, mwache abaki mle ndani.

Nimekawia kufika kwenye kosa la tatu. Nimezunguka kama wale wanunuzi wa ng'ombe. Nalisema sasa.

Kila saa tuliipangia bei ya chini, ambayo dau lisipoifikia saa haiuzwi. Wewe uliziandika kutokana na makadirio yako, ukanipa karatasi niipeleke kuchapishwa Bunda asubuhi ya mnada. Nilikaa pale kwenye duka la kuchapisha, nikatoa kalamu, nikazipandisha. Zote kumi na tatu. Ile mbovu tu niliiacha, kwa dharau. Kijana wa kompyuta akaniuliza, "Mzee, ndizo hizi au hizi za kufutwa?" Nikamwambia hizi za juu. Nikampa Majura nakala, nikaichana yako.

Nilijiambia ni heshima ya kazi yangu. Nilisema moyoni, binti huyu hajui, nitamwonyesha. Hiyo ni nusu ya ukweli, nami ningependa iwe yote.

Nusu ya pili ni kwamba nilijua zisipouzwa hutaondoka.

Nimeandika hivyo, na sitaifuta. Sikulipanga kama mtu anavyopanga uovu. Lilikuwa pale chini tu, kama springi ndani ya saa, halionekani na ndilo linaloendesha kila kitu. Niliziona saa zikikwama moja baada ya nyingine. Nilimwona Bwana Shija akipandisha dau kwa vidole tu, bila sauti ya kukufikia wewe huko nyuma, kwenye saa saba tofauti licha ya hofu yake, na kila mara akisimama karibu kabisa na namba uliyokuwa umeandika wewe. Karibu kabisa, Nyangeta. Kwenye mbili alifika palepale. Majura akatazama karatasi yangu, akasema, "Haijafika, wapendwa," na mimi nikakaa kimya na mikono yangu magotini.

Halafu kwenye gari tukirudi Musoma ulinishika mkono, ukasema, "Pole sana, baba." Nami nikapokea. Ulidhani mtu mzima amekaa pale amevunjika moyo. Mwanangu, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nahesabu mwaka mzima mwingine wa wewe kukaa ng'ambo ya meza yangu na kibano. Kilichonifanya ninyamaze wiki yote hii si huzuni ya saa. Ni aibu ya kupokea pole ambayo haikuwa yangu.

Basi hivi ndivyo unavyosomeka mnada wa Bunda. Makadirio yako yalikuwa sahihi. Ushawishi wako ulikuwa sahihi. Soko lilikuja, likakaa mstari wa mbele, likataja bei uliyosema litaitaja. Aliyeharibu kipimo ni yule aliyeshika saa ya kupimia, na safari hii nimeligundua kabla muhula haujaisha.

Ijumaa niliwaambia naenda Bunda kumtazama mwalimu mwenzangu mgonjwa. Mwalimu huyo ni mzima kabisa, anakusalimu. Nilikuwa nimempigia simu Bwana Shija, naye akaja kutoka Mwanza. Tulikaa kwenye mgahawa kando ya barabara kuu, nikaweka sanduku mezani na karibu yake daftari lako. Nikamwambia, "Bei ni hizi. Mwandiko huu."

Akapitisha kidole kwenye orodha. "Mbona siku ile mlikataa hizihizi?"

"Siku ile kulikuwa na kitu kingine sikutaka kiuzwe."

Akanitazama, hakuuliza zaidi. Ni mtu mwenye adabu. Akafungua saa moja moja, kioo jichoni. Kwenye ile yenye mkanda wa ngozi akasogeza kioo karibu zaidi.

"Hizi namba kachora nani?"

"Mimi."

"Una mkono mzuri sana, mzee wangu," akasema. "Bila huo mkono ningekupa mara mbili."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, na mhudumu akaja kunipiga mgongoni. Tukapeana mikono. Alichukua tisa, kwa bei zako, hakupunguza hata moja. Kabla ya kuondoka akauliza, "Aliyeandika hili daftari ni nani? Ana biashara?" Nikamwambia ni binti yangu, na hana nafasi, anakwenda chuo.

Nilijisikia nikilisema hilo. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa mtu wa nje bila kuongeza "labda".

Jana asubuhi nilikuwa benki hapa Musoma mlango ukifunguliwa. Risiti iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi ya mwisho. Ni awamu ya pili yote, na imebaki kidogo ya godoro. Mama yako hajui bado. Mwambie wewe, maana nikimwambia mimi ataniuliza maswali yatakayonifikisha kwenye duka la kuchapisha, na ningependa afike huko nikiwa nimekwisha kula.

Sina ushauri mkubwa wa kukufungia mzigo. Ninalokuomba ni moja tu. Huko utakutana na matokeo mengine mabaya: mtihani, mashine iliyokataa kuwaka, mtu uliyedhani anakupenda. Kabla hujaamua kwamba hayo ndiyo thamani yako, uliza watu waliokuwepo walidhani wako kwenye mnada gani. Uliza nani alipanga bei ya chini, na alikuwa anaogopa nini. Mara nyingi jibu litakuwa jepesi na la kuchekesha. Lisipokuwa la kuchekesha nipigie simu, tutalisoma wote.

Na kesho nitakusindikiza stendi. Najijua: nitabeba begi, nitamweleza kondakta namna ya kulipanga, halafu basi likianza kuunguruma nitanyamaza. Utanitazama dirishani utaona uso uleule wa kwenye gari. Safari hii utakuwa umeusoma sawasawa, Nyangeta. Itakuwa huzuni kweli, na itakuwa yangu halali. Usiteremke.

Baba yako,
Bwire